Babu Aliyesimama Ukingoni mwa Korongo

Juzi nilikwenda Ukunda kuagiza mlango. Nyumba yangu ya Tiwi inakaribia kwisha, na mume wangu alisema mlango wa mbele niuchague mimi, kwani mimi ndiye mwenye maneno mengi. Nikaingia kwenye karakana moja nyuma ya soko, na kabla sijatoa salamu ikanijia harufu. Seremala alikuwa akipiga randa ubao wa muhuhu. Kama uliwahi kukaa karibu na muhuhu unaochongwa, wajua ninachosema: harufu tamu, kavu, kama ya udi uliosahauliwa ndani ya sanduku la nguo. Seremala akaniuliza nataka mlango wa namna gani, lakini mimi nilikuwa nimeshafika mbali, ng'ambo ya vilima vya Shimba, upande wa Kinango, nyumbani kwa bibi mzaa baba. Nilikuwa mtoto wa darasa la tatu, nimekaa juu ya jiwe, miguu imejaa vumbi, ninamtazama mtu akimtoa babu yangu ndani ya gogo.

Mwaka ule mama alikuwa mjamzito na mimba ikamsumbua. Daktari wa Msambweni akamlaza, akasema asinyanyue hata ndoo ya maji mpaka ajifungue. Baba alikuwa mwashi, anajenga nyumba za watu huko ufukweni tangu asubuhi hadi magharibi, na hakuwa na namna ya kunilea peke yake. Shule zilipofungwa akanipeleka kwa mama yake, na likizo ile ikarefuka, ikaumeza muhula mzima. Mimi nilikuwa mtoto wa pwani, niliyezoea minazi na mchanga na harufu ya samaki wa kukaanga jioni. Kwa bibi kulikuwa na miiba na mawe, na jua lililoanza kazi kabla ya watu. Siku niliyofika nililia sana. Bibi hakunibembeleza. Aliniacha nilie mpaka nikachoka, kisha akanipa bakuli la maziwa lala na kiazi kitamu kilichochomwa kwenye majivu, na nilipomaliza akanishika mkono akanipeleka nyuma ya nyumba kunionyesha korongo.

Sijui nikuelezeje ili ulione. Unatembea kwenye nchi tambarare, vichaka na mashamba ya mahindi, halafu ghafla ardhi inakwisha. Mbele ya vidole vyako pana kuta za mawe, mekundu kwa juu na ya kijivu kwa chini, na mizizi ya mikuyu imening'inia kama kamba zilizosahauliwa na mafundi. Huko chini palikuwa na kijito ambacho hata wakati wa ukame kiliacha vidimbwi vya maji safi. Hewa ya ubaridi ilipanda kutoka chini ikakupiga usoni, kama unapofunua mtungi mchana wa joto. Hondohondo walilia kama watoto walionyimwa kitu. Pimbi walikaa kwenye vipenu vya mawe wakitutazama kama wenye nyumba wanaotazama wageni wasioalikwa. Machozi yangu yakakauka palepale. Nilisahau hata kuuliza mama anaendeleaje, na bibi, nadhani, ndicho alichotaka.

Mwalimu wangu wa korongo alikuwa binti wa shangazi, aliyenizidi umri kidogo na kunizidi mambo mengi sana. Shangazi, dada yake baba, alikuwa ameachika na amerudi kuishi na bibi, na binti yake huyo alikulia pale. Yeye ndiye aliyenifundisha kutupa kijiwe ndani ya ufa kabla ya kutia mkono, asije akawamo nyoka. Alinifundisha kwamba kinyesi cha ndovu kikiwa kikavu unaendelea na safari, na kikiwa bado kinatoa mvuke unarudi nyumbani ukasaidie kupika. Kila asubuhi tuliteremka kuchota maji, na bibi alikuwa na agizo lake moja: tuteremke tukizungumza, ili kila aliyeko kule chini ajue kwamba watu wanakuja na aondoke kwa heshima yake. Basi tulizungumza. Tulizungumza tukienda na tukirudi, ndoo kichwani, maji yakituchuruzika shingoni. Na wanyama waliondoka kwa heshima yao: kenge alijitupa majini, mbega waliruka mti hadi mti mikia yao myeupe ikiwafuata, na digidigi walisimama kidogo kututazama kabla ya kupotea.

Mchana tulichunga mbuzi na kuchuma mchunga uliostawi kwa samadi kando ya zizi lao. Mboga ile ni chungu, nami siku za kwanza niliisukuma pembeni ya sahani. Bibi aliipika na maziwa na karanga zilizotwangwa, akaila na sima ya mtama, taratibu, kama mtu asiye na haja ya kumshawishi mwingine. Kabla ya mwezi kwisha nilikuwa ninagombania ukoko wa chungu.

Pale ambapo njia yetu ilianza kuteremka, ukingoni kabisa, palikuwa na vigango. Mimi nilikuwa sijawahi kuviona. Ni mbao za muhuhu zilizochongwa kwa mfano wa mtu, kichwa cha duara na kiwiliwili kirefu kisicho na mikono, zimesimamishwa kuwakumbuka wazee wa ukoo waliofariki. Vilikuwa vya baba yake babu na ndugu zake. Jua na mvua zilikuwa zimevifanya vya kijivu, lakini ukisogea karibu uliona pembetatu ndogondogo zilizochongwa safu kwa safu, kama mkeka uliosukwa na mkono usiokosea. Viunoni vilifungwa vitambaa, vyeupe na vyekundu na vyeusi, vilivyochakaa vikawa nyuzi. Binti wa shangazi alipita pale akavisalimia shikamoo bila kupunguza mwendo, kama unavyomsalimia jirani aliye uani kwake. Nami nikawa ninasalimia.

Siku moja nikamuuliza bibi, katika hawa, babu yangu ni yupi.

"Babu yako hana," akasema, akaendelea kupepeta mtama.

Habari yenyewe niliipata kwa shangazi. Baba alipokwenda Tiwi ujanani kutafuta kazi, alisilimu, akamuoa mama, na dini ikamkaa moyoni kwelikweli. Babu alipofariki wazee walimwita wakamwambia, kwa kuwa yeye ndiye mwana wa kiume, asimamie kigango cha baba yake. Akakataa. Hakukataa kwa ukali. Alisema hawezi, akarudi kazini. Mambo yakaachwa yalale, na bibi naye hakuyaamsha, kwa sababu mwanawe wa kiume alikuwa ni huyo mmoja.

Lakini mwaka ule yaliamka yenyewe, na walioyaamsha ni ndovu. Walikuwa wameongezeka, wakawa wanakula mahindi yakiwa bado mabichi na kuvunja maghala yakishajaa. Watu walikuwa wamechoka kulinda mashamba kwa madebe na mayowe. Ikaletwa rai kwamba bonde lote, pamoja na korongo, liachiwe wanyama, wenyeji wahamie karibu na barabara ya Kinango, na mapato ya wageni watakaokuja kutazama yawe yao. Nakumbuka mkutano wake. Afisa wa wanyamapori aliyekuja alikuwa mtu wa bara, akatangaza siku iliyotangulia kwamba kesho tutazungumza habari za tembo. Kwetu mnyama yule ni ndovu. Tembo ni ile pombe ya mnazi. Wazee walifika mapema kuliko ilivyo kawaida yao, wamechangamka, wengine na vibuyu vyao. Shangazi alisema hajawahi kuona mkutano ulioanza na furaha kubwa ukamalizika na huzuni kubwa namna ile, maana mwishoni walikubali kuhama. Ilikuwa wavune kwanza, kisha waondoke.

Asubuhi chache baada ya hapo bibi alitwambia, tukinywa uji, kwamba babu alikuwa akimjia ndotoni. Hakuwa na ugomvi. Alikuwa akisema anahisi baridi. Bibi aliliweka jambo hilo mbele yetu kama anavyoweka sahani, kisha akasema: "Tukihama na yeye hana pa kusimama, nani atajua kwamba aliishi hapa?" Shangazi akasema kaka yake hatakubali. Bibi akasema hajamuuliza bado. Na siku hiyohiyo akatuma mtu kumwita fundi.

Fundi wa vigango alikuja na mfuko wa tezo na patasi, tumbo mbele. Alikuwa mtu wa maneno mengi, na hekaya zake zilikuwa tamu, lakini kila hekaya ilihitaji kuku. Alikula, akalala hadi alasiri, akaamka akaomba maji ya kunywa na habari za majirani. Shangazi alinong'ona jikoni, "Huyu amekuja kuchonga au kunenepa?" Bibi hakumharakisha. Hatimaye, asubuhi moja, fundi akasimama mwenyewe akasema twendeni tukatafute mti.

Tuliteremka sote wanne, fundi na bibi, binti wa shangazi na mimi. Sijawahi kuliona korongo kama siku ile, kwa sababu tulikwenda mbali kuliko tulikozoea kuchota maji, mahali ambapo kuta zinakaribiana na jua linaingia kwa vipande. Palikuwa na nyuki ndani ya ufa, na mngurumo wao ulisikika mpaka kwenye jiwe ukiweka kiganja. Fundi aligonga mihuhu kwa kisigino cha tezo, akasikiliza, akatikisa kichwa, akaendelea. Mmoja ulikuwa na uwazi ndani. Mwingine ulikuwa umepinda. Tulipofika kwa ule alioutaka, aligonga mara moja tu, akamgeukia bibi akamuuliza marehemu alikuwa na urefu gani. Bibi akasimama ameuegemea mti, akanyoosha mkono juu ya kichwa chake, akaurudisha chini kidogo, akafikiri. "Alikuwa akinizidi hapa," akasema. Mkono ule ulibaki pale juu kwa muda, hata baada ya fundi kutia alama.

Ndipo tuliposikia tawi likivunjika.

Tulikuwa tumemsikiliza fundi, tukasahau kuzungumza kwa sauti. Ndovu walikuwa wakija kunywa, na njia yao ndiyo njia yetu. Bibi alitusukuma juu ya kipenu cha mwamba, fundi akapanda nyuma yetu kwa wepesi ambao hakuna aliyeudhania, na tukakaa tumebanana, migongo kwenye jiwe. Walipita chini yetu, majike na watoto wao, karibu kiasi kwamba niliona kope zao. Walikuwa na mavumbi mekundu mgongoni. Mmoja mdogo alijikwaa kwenye jiwe, na mama yake akamwinua kwa mkonga bila hata kumtazama. Nyuma yao, mbali kidogo, walisimama palahala, swala wakubwa weusi wanaong'aa, pembe zimepinda kuelekea mgongoni, wakingoja wakubwa wamalize. Fundi, aliyekuwa amesema tangu alipofika nyumbani kwetu, hakutoa hata pumzi.

Kisha jike mmoja mkubwa akasimama. Aliinua mkonga, akaupeleka huku na huku, akauelekeza kwetu. Ncha yake ilikuwa na unyevunyevu, inafunguka na kufumba. Binti wa shangazi alikuwa amenifinya mkono hadi kucha zimeingia. Bibi akaanza kusema naye, kwa Kiduruma, kwa sauti ya chini, vilevile alivyokuwa akisema na jirani kwenye ua.

"Kunyweni, mama. Maji ni yenu. Sisi tunaondoka, tumeshakubali. Tumefuata mti mmoja tu, wa mzee wangu."

Sikwambii kwamba yule ndovu alielewa. Nakwambia kwamba alishusha mkonga, akapumua pumzi nzito iliyotikisa majani, akaenda majini. Tulikaa pale juu mpaka wa mwisho akamaliza na palahala nao wakanywa wakaondoka. Tukashuka, na jioni ile fundi alikula sima kwa mboga tupu bila kuulizia kuku.

Wiki zilizofuata ndizo harufu ile ya karakana ilizonirudishia. Vijana wa jirani waliukata ule mti wakalipandisha gogo, fundi akalilaza uani, na kumbe alikuwa fundi hasa. Alipoanza, alianza. Tezo ilisema tak, tak, tak tangu umande haujakauka, na vipande vyekunduvyekundu vya muhuhu viliruka vikatua kwenye nywele zetu. Bibi alivikusanya akavitia kwenye moto wa kupikia, na chakula chote cha siku zile kilinukia. Fundi alichonga shingo, akachonga mabega, kisha akaanza zile pembetatu, moja baada ya nyingine, akichora mstari kwa ukucha kabla ya kutia patasi. Alituruhusu binti wa shangazi na mimi tusugue chokaa ndani ya pembetatu, na masizi ya chungu, na udongo mwekundu tulioutoa kwenye ukuta wa korongo. Nilikuwa nikienda kulala vidole vyangu vikiwa na rangi tatu, na nilikuwa mtoto mwenye furaha, sikufichi. Mama yangu alikuwa kitandani Msambweni, nami nilikuwa na furaha.

Baba alikuja Ijumaa moja baada ya sala. Tulimwona akitoka kwenye vichaka na mfuko wa mikate na samaki wakavu, uso umejaa nuru, na kabla hajafika uani alisema kwamba mama amejifungua salama, mtoto wa kiume, na amekuja kunichukua. Shangazi alipiga vigelegele. Baba akainama kwa mama yake.

"Shikamoo, mama."

"Marahaba, mwanangu. Mungu amekupa."

Kisha akakiona. Kilikuwa kimelazwa juu ya magogo mawili, kimekamilika, kinasubiri vitambaa. Baba alikitazama kwa muda mrefu. Aliketi, akapewa maji, akanywa, na ndipo akasema kwa upole kwamba yeye ni Muislamu na mama yake anajua. Jambo kama hili hawezi kulisimamia, na asingependa binti yake alishiriki. Mimi nikaficha vidole vyangu mgongoni.

"Sikukuomba ukisujudie," bibi akasema. "Wala usikisemeshe neno. Nakuomba unichimbie shimo."

"Mama."

"Ulipougua surua, baba yako alikubeba mgongoni kutoka hapa hadi Kinango, mvua inanyesha. Mimi nilikuwa nyuma yake. Aliporudi alilala siku nzima bila kula. Hakuniambia amechoka. Umechimba misingi ya nyumba za watu usiowajua majina. Huyu unamjua."

Baba aliinuka akaomba maji ya kutawadha, akaenda kuswali alasiri juu ya mwamba, mbali na sisi. Alikawia. Shangazi aliniambia nisimtazame, nami nikamtazama. Alipomaliza alikaa vilevile, mikono magotini, akitazama korongo ambalo alikulia ndani yake na ambalo, mimi ndipo nilipofahamu, alikuwa hajalitazama kwa miaka. Kisha akarudi uani, akakunja mikono ya kanzu yake, akachukua jembe lililokuwa limeegemezwa ukutani.

"Nionyesheni pa kuchimba," akasema.

Alichimba peke yake. Ardhi ya pale ni ngumu, na kila jirani aliyetaka kumpokea jembe alimkatalia kwa kichwa. Alipofika kina walichomwambia, akaendelea. Fundi akasema yatosha. Baba akajibu kwamba pana ndovu hapa, watakuja kujikuna, na kikiegemea watu watasema mwana wa marehemu ni mwashi gani. Lilikuwa neno la kwanza la mzaha tangu alipofika, na watu walicheka kwa kushukuru.

Wazee walisema maneno yao, naye alisogea pembeni wakati huo, akaangalia chini. Lakini ilipofika saa ya kukisimamisha, kilikuwa kizito, wakahitaji mtu mwenye mgongo, naye akaja. Alikikumbatia, akakiinua wima kando ya shimo, akasimama nacho akivuta pumzi. Na hapo sote tukaona. Walikuwa na urefu mmoja. Bega lilikuwa sawa na bega. Bibi alijifunika mdomo kwa leso, akageuka kidogo. Baba naye alikuwa ameona, kwa sababu hakukishusha mara moja. Aliweka paji lake pale kwenye ubao, kwa muda mfupi tu, kama mtu anayefuta jasho. Kisha akakitelemsha shimoni, akapiga magoti, akashindilia mawe kuzunguka, jiwe kwa jiwe, akilipima kila moja mkononi.

Kesho yake tuliondoka. Njiani baba alinishika mkono na hakusema lolote kuhusu vidole vyangu. Baada ya mavuno bibi na shangazi nao wakahama, wakajenga karibu na barabara, na bibi aliishi huko miaka mingi akilalamikia honi za malori. Lakini hakuota tena habari za baridi. Kila nilipomuuliza, alisema mzee wake amenyamaza, na kwamba kunyamaza ndiko kulikokuwa kuzungumza kwake.

Wote wawili sasa ni marehemu, bibi na baba, na korongo lina lango na walinzi. Nilirudi mara moja na wanangu, ndani ya gari la wageni, tukiendeshwa na kuongozwa na mwanamke wa ukanda uleule. Vigango tulivitazama kwa mbali, maana haviruhusiwi kusogelewa. Viwili vimeliwa na mchwa, na hivyo ndivyo inavyotakiwa, vichakae palepale viliposimamishwa. Cha babu bado kimesimama, kimekuwa cha kijivu kama wenzake. Hapakuwa na nyumba wala njia. Niliwatafutia wanangu mahali palipokuwa jiko, nikashindwa kupaonyesha. Yale majina tuliyoviita vidimbwi, kila kimoja na jina lake, nadhani tumebaki wawili tunaoyajua, binti wa shangazi na mimi, na yeye anaishi Samburu ya hukuhuku pwani na ana wajukuu.

Kisha gari likasimama penye uwanda mdogo wa nyasi, kijani kibichi katikati ya vichaka vilivyokauka. Palahala walikuwa pale, kundi zima, wanakula bila wasiwasi, ndama wao wamelala. Yule mwanamke akatwambia kwamba wanyama hawakosekani mahali hapo, mwaka mzima, kwamba nyasi zake zina utamu ambao haupatikani popote bondeni, na hawajui kwa nini.

Nilitazama ukingo wa korongo ulivyo, nikapima kwa macho, nikajua nipo wapi.

"Hapa palikuwa na zizi la mbuzi," nikamwambia. "La bibi yangu."

Akazima injini ili tukae kidogo.